Kozi ya wiki nane kuhusu ukuaji wa fikra za watoto: tathmini ya mwalimu aliyeimaliza

Kwa muda wa wiki nane nimefuatilia kozi ya mtandaoni inayowaahidi walimu wa madarasa ya chini kwamba, wakiimaliza, wataelewa jinsi fikra za mtoto zinavyokua na jinsi ya kupanga masomo kwa kuufuata ukuaji huo. Sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatawafurahisha walioiandaa, na pia kwa sababu kozi za namna hii zimefanana mno: wanasaikolojia ni walewale, michoro ni ileile, na mwalimu anayefikiria kujiandikisha katika nyingine yoyote anaweza kuyatumia maelezo haya kuipimia ile aliyoikusudia.

Muundo wake ni wa kawaida. Kila wiki kuna video tatu au nne za mhadhara, kijitabu cha kurasa kumi na kitu, zoezi la kufanya na mtoto mmoja au wawili, na maswali ya kuchagua jibu; mwishoni kuna jaribio na cheti. Mimi nilitumia wastani wa saa nne kwa wiki, ingawa tangazo lao linasema mbili, na tofauti hiyo yote ilitokana na mazoezi ya kukaa na watoto, ambayo hayakubali kuharakishwa. Nalisema hili mapema kwa kuwa hukumu yangu inasimama hapo: mazoezi hayo ndiyo yanayoifanya kozi istahili ada yake, na jedwali kubwa la rangi linalotolewa wiki ya sita ndilo linaloiharibu.

Wiki ya kwanza ni ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, na imeandaliwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Wakufunzi wengi humwingiza Piaget darasani akiwa na hatua zake nne za ukuaji wa fikra mkononi, kana kwamba alizaliwa nazo. Kozi hii inaanza na mwanabiolojia kijana, mzaliwa wa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896, aliyepata shahada ya udaktari mwaka 1918 kwa utafiti wa konokono na jamaa zao, kisha akajikuta mjini Paris akifanya kazi isiyomvutia sana ya kuyasanifisha majaribio ya kufikiri kwa ajili ya watoto wa Ufaransa. Kazi ilimtaka ahesabu majibu sahihi. Yeye akashikwa na yale yasiyo sahihi, kwa kuwa watoto wa umri mmoja walikuwa wakikosea kwa namna moja, na makosa yao yalikuwa na mantiki ndani yake. Mhadhiri anakaa kwenye jambo hili kwa dakika kama ishirini, na amefanya vyema, maana mwalimu akishalishika, hata akisahau majina yote ya hatua, bado ameondoka na kitu: kosa la mtoto lina sababu, na sababu hiyo inaulizika.

Baada ya hapo zinakuja skima (mpangilio wa fikra ambao mtoto huutumia kuelewa mambo), asimilesheni (kuliingiza jambo jipya katika mpangilio alionao) na akomodesheni (kuubadilisha mpangilio huo ulifae jambo jipya). Waandaaji wameamua kuyaandika maneno haya kwa matamshi ya Kiswahili na kuyaeleza kwa sentensi kamili badala ya kuyabunia visawe, nami nawaunga mkono. Niliwahi kusoma kijitabu kilichoiita asimilesheni "umeng'enyaji", na kwa miezi kadhaa sikuweza kumfikiria Piaget bila kulifikiria tumbo. Mfano wanaoutumia ni ule wa mtoto anayemwita kila mnyama wa miguu minne mbwa. Umechakaa, na haumsaidii mwalimu wa hesabu. Ningependa wangechukua mtoto anayeamini kwamba 0.125 ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu ina tarakimu nyingi zaidi: amechukua kanuni iliyomtumikia vizuri katika namba nzima na kuitumia mahali isipofaa, na hapo ndipo asimilesheni inapoonekana ikifanya kazi na mwalimu anapoona kwa nini kusema "umekosa" hakutoshi. Kanuni yenyewe lazima ivunjwe na ijengwe upya, na ujenzi huo ndio akomodesheni.

Wiki ya pili inakutoa kwenye kiti. Unaelekezwa uchukue vizibo kumi na vinne vya chupa, uvipange mbele ya mtoto katika mistari miwili ya vizibo saba saba inayolingana kwa urefu, umwulize kama idadi zinalingana, kisha uutawanye mstari mmoja machoni pake bila kuongeza wala kupunguza kitu, na umwulize tena. Kila mwalimu amelisoma jaribio hili chuoni. Mimi nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani na nimefaulu, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwa nimewahi kulifanya hata mara moja.

Nililifanya na msichana wa miaka sita kasoro mwezi mmoja. Nilipokwisha kuvitawanya alisema, "Vya chini ni vingi." Nikamwuliza amejuaje. "Vimefika mbali." Fomu ya kozi ina sehemu inayosema umwombe mtoto ahesabu, nikamwomba; akahesabu mstari wa juu kwa kidole, saba, akahesabu wa chini, saba. "Kwa hiyo?" nikauliza. "Saba na saba," akasema, na bila kusita akaongeza, "lakini vya chini ndivyo vingi."

Niliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, na nikabaki nikiyatazama. Mtoto huyu anahesabu hadi mia bila kujikwaa, na katika daftari langu la maendeleo nilikuwa nimeshamwekea alama kwamba dhana ya idadi ameielewa. Alichokuwa ameshika barabara ni mfuatano wa maneno ya kuhesabia. "Saba" kwake lilikuwa neno analoishia, na wingi alikuwa akiupima kwa macho. Hakuna mhadhara ambao ungenionyesha hilo, na ningekuwa nimelipia kozi nzima kwa ajili ya robo saa ile nisingeona nimeibiwa.

Kijitabu cha wiki hiyo kina aya moja ambayo nawaomba wasomaji waikumbuke nitakapofika wiki ya sita. Inaeleza kwamba utambuzi wa kutobadilika kwa kiasi haufiki siku moja kwa kila kitu. Mtoto huutambua katika idadi mnamo miaka sita au saba. Katika udongo unaofinyangwa, kwa upande wa kiasi cha udongo wenyewe, baadaye kidogo. Katika uzito wa udongo uleule mnamo miaka tisa au kumi. Na katika ujazo, baadaye zaidi, mnamo kumi na moja au kumi na mbili. Piaget mwenyewe ndiye aliyeyaona haya na kuyapa jina. Alisisitiza pia kwamba kilicho thabiti ni mpangilio wa hatua, na kwamba umri ni makadirio tu.

Wiki ya tatu inawaleta waliompinga, na jambo ninalolipenda ni kwamba inawaleta kwa kukufanya urudie jaribio lako lilelile. Mwaka 1974 watafiti Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba watoto wanaoulizwa swali mara moja tu, yaani baada ya mstari kutawanywa, hufanya vizuri kuliko wanaoulizwa kabla na baada. Mwaka huohuo James McGarrigle na Margaret Donaldson walichapisha jaribio ambamo mtawanyaji hakuwa mtu mzima bali mwanasesere mtundu aliyetokea ghafla na kuvuruga mchezo. Watoto walioendelea kusema kwamba idadi ni ileile waliongezeka sana. Maelezo ni kwamba mtoto hasikii maneno ya swali peke yake. Anajiuliza pia mtu mzima huyu anataka nini kwangu.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka mvulana wa miaka saba niliyekuwa nimemjaribu wiki iliyotangulia. Alisema mistari inalingana. Nikautawanya mmoja, nikamwuliza tena. Hakuvitazama vizibo hata kidogo. Alinitazama mimi usoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikosea, Mwalimu?" Wakati ule niliandika kwenye fomu "hakujibu". Ukweli ni kwamba alijibu, na alijibu kwa usahihi kuhusu mimi: darasani kwangu swali likirudiwa, maana yake jibu la kwanza limekataliwa, na watoto wote wanaijua kanuni hiyo ijapokuwa hakuna aliyewahi kuitamka. Tangu siku hiyo nimejilazimisha kurudia swali hata jibu likiwa sahihi, na kuuliza "umejuaje?" kwa aliyepata kama ninavyomwuliza aliyekosa. Wiki mbili za kwanza darasa zima lilikuwa likibadilisha majibu sahihi kuwa ya makosa kila nilipofungua mdomo mara ya pili.

Lazima niseme pia kwamba wapinzani hawakummaliza Piaget, na kozi ina uungwana wa kulikiri hilo. Nilirudi kwa yule msichana wa kwanza nikiwa na swali moja tu na mwanasesere wa kitambaa niliyemshona mwenyewe. Vya chini, alisema, bado ni vingi. Wavulana wawili niliowadhania hawajafika walifika, yeye hakufika. Sehemu ya wiki hii inayowahusu watoto wachanga, pamoja na majaribio ya Renée Baillargeon ya miaka ya 1980 yaliyoonyesha kwamba mtoto wa miezi michache hushangaa kitu kigumu kinapoonekana kupita ndani ya kingine, ni nzuri kuitazama lakini ni ndefu kupita kiasi kwa mwalimu ambaye mwanafunzi wake mdogo kabisa anajifunga viatu mwenyewe.

Kwa Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, wiki ya nne, kozi inapungua nguvu. Maisha yake yanaelezwa kwa usahihi: alizaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja na Piaget, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37, na maandishi yake yakachukua miongo kadhaa kuwafikia wasomaji wa nje ya Urusi. Wazo lake kuu, ukanda wa ukuaji wa karibu, linatafsiriwa vizuri kuwa umbali kati ya anachokiweza mtoto peke yake na anachokiweza akiwa na msaada wa mtu anayejua zaidi. Lakini baada ya hapo mhadhiri anasema kwamba Vygotsky ndiye aliyetuletea istilahi ya jukwaa, kwa maana ya jukwaa la mafundi ujenzi linalowekwa kwa muda na kuondolewa ukuta ukishasimama. Si yeye. Istilahi hiyo ilienezwa na makala ya David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross ya mwaka 1976, miaka zaidi ya 40 baada ya Vygotsky kufariki, kutokana na utafiti wa watoto thelathini wa miaka mitatu, minne na mitano waliosaidiwa na mkufunzi mmoja kujenga piramidi ya vipande vya mbao.

Msomaji anaweza kuona kwamba nashikilia jambo dogo. Nalishikilia kwa sababu makala yale yana kitu ambacho mwalimu angekitumia kesho asubuhi, na kozi kwa kumpa sifa mtu mwingine imekipita bila kukifungua. Watafiti wale waliorodhesha kazi anazozifanya msaidizi mzuri: kumvuta mtoto kwenye kazi, kuipunguza kazi hadi sehemu anazozimudu, kumweka kwenye lengo, kumwonyesha tofauti kati ya alichokifanya na kinachotakiwa, kumpunguzia fadhaa, na kuonyesha mfano. Badala ya hayo tumepewa video ya mfano ambamo mwalimu anamsaidia mtoto kutatua fumbo la maneno la hesabu, na niliipima kwa saa: kati ya dakika kumi na moja mtoto alishika penseli kwa dakika moja na nusu. Jukwaa lilijengwa, likapakwa rangi, likakaliwa na mwalimu, na ukuta hakuna. Wala hakuna mahali popote katika video ile msaada unapoanza kuondolewa, jambo ambalo ndilo maana nzima ya mfano wa jukwaa.

Wiki ya tano inaikomboa heshima ya Vygotsky. Mada yake ni mtoto anayejisemesha. Piaget katika maandishi yake ya mwanzo aliyaona maneno hayo kuwa ya mtoto asiyeweza bado kujiweka mahali pa msikilizaji. Vygotsky akadai kwamba ni chombo cha kazi, kwamba mtoto anajiongoza kwa sauti kama alivyoongozwa na wakubwa, na kwamba sauti hiyo huzama ndani taratibu na kuwa fikra. Zoezi ni kukaa karibu na mtoto anayefanya kazi ngumu kidogo na kuandika anachokinong'ona. Hili nililifanya katika kipindi cha kutoa kwa kuazima, na fomu yangu ina mistari kama hii, ya mtoto mmoja, kwa 52 kutoa 27: "Mbili toa saba, haitoki. Naazima kwa jirani. Jirani ana tano, ananipa, anabaki na nne. Nina kumi na mbili. Toa saba, tano. Sasa jirani… jirani alikuwa tano… hapana, alinipa." Hapo akafuta 3 aliyokuwa ameiandika kwenye makumi na kuweka 2.

Kosa lilizaliwa na kusahihishwa ndani ya mnong'ono, bila mimi kusema neno. Kwa miaka mingi nimekuwa nikianza mazoezi ya hesabu kwa kusema "sitaki kusikia sauti". Siku hizi nasema msisemeshane, kujisemesha ruhusa.

Kwenye wiki hiyohiyo, kwa dakika kumi na mbili tu, kozi inamtaja Robert Siegler, ambaye utafiti wake ulionyesha kwamba mtoto hana njia moja ya kufikiri kwa kila umri, bali ana njia kadhaa kwa wakati mmoja, zinazoshindana. Zingine hupungua na zingine huongezeka, kama mawimbi yanayopandiana. Mtoto yuleyule, katika dakika kumi zilezile, atahesabu 3 na 9 kwa vidole kuanzia moja, kisha 4 na 8 kwa kuanzia nane na kupanda, kisha 5 na 5 atatoa kichwani. Kila mwalimu anayekagua daftari kwa makini ameliona hili na huenda amelichukulia kuwa ni uvivu au kigeugeu. Kwangu hili ndilo wazo lenye manufaa zaidi katika kozi nzima kwa anayefundisha hesabu, na dakika kumi na mbili ni dharau.

Ndipo tunafika wiki ya sita. Faili la jedwali linapakuliwa likiwa limepambwa: safu ya umri, safu ya hatua, safu ya "anachoweza", safu ya "asichoweza", safu ya "shughuli zinazofaa". Miaka miwili hadi saba, rangi ya chungwa: hawezi kuona jambo kwa mtazamo wa mwingine. Lakini wiki tatu kabla, kozi hiihii ilitufundisha jaribio la Martin Hughes, ambamo watoto wa miaka mitatu na nusu hadi mitano waliambiwa wamfiche mwanasesere mahali ambapo polisi hawatamwona, na asilimia kama 90 ya majibu yao yakawa sahihi. Miaka saba hadi kumi na moja, kijani: anatambua kwamba kiasi hakibadiliki. Kiasi cha nini? Ile aya niliyowaomba muikumbuke, ya idadi, udongo, uzito na ujazo, haikupata nafasi kwenye jedwali, kwa sababu ingelazimu mistari ya rangi ivukane na mchoro ungekosa unadhifu.

Madhara yake nimeyaona kwa macho. Mwalimu mwenzangu niliyejiandikisha naye, ambaye ni mtu wa bidii kuliko mimi, alilichapisha jedwali na kulibandika ubaoni mwa ofisi. Juma lililofuata tulikuwa tukizungumzia mtoto anayeshindwa kulinganisha sehemu, theluthi na robo, na mwenzangu akanyoosha kidole ukutani: "Dada, huyu bado yuko chungwa." Mazungumzo yakafungwa. Hakuna aliyeuliza mtoto amesema nini, amechora nini, wala kama aliwahi kukata karatasi mbili zinazolingana na kuzipandanisha. Wazo la kusubiri mtoto awe tayari lina historia ndefu; nchini Uingereza ripoti ya Plowden ya mwaka 1967 iliyochota mengi kwa Piaget ililipa nguvu kubwa katika shule za msingi, na Bruner, kwa upande wake, alikuwa ameshalipinga mwaka 1960 kwa dai lake maarufu kwamba somo lolote linaweza kufundishwa kwa uaminifu, kwa namna fulani, kwa mtoto wa umri wowote. Dai hilo nalo lina chumvi, lakini angalau linampa mwalimu kazi ya kufanya. Rangi ya chungwa inampa likizo.

Bruner mwenyewe anatokea katika wiki hii na anatendewa vibaya. Alieleza namna tatu za kuwakilisha jambo akilini: kwa kitendo, kwa picha na kwa alama, na mpango wa kufundisha hesabu kwa vitu, kisha michoro, kisha tarakimu, unaojulikana sana kutokana na Singapore, umechota hapo. Mtoto mmoja anazipitia zote tatu kwa jambo moja. Kozi inazigeuza kuwa aina tatu za watoto, na kutoka hapo inateleza moja kwa moja hadi kwenye dodoso la kumpanga mwanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia au wa kutenda. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichapisha uchambuzi wa ushahidi wa jambo hilo na kuhitimisha kwamba hakuna msingi wa kutosha wa kufundisha kwa kuwagawa watoto hivyo. Niliwaandikia wakufunzi nikiwaeleza haya kwa adabu. Baada ya siku mbili nilijibiwa, "Mwalimu mpendwa, tunathamini maoni yako," pamoja na kiungo cha kunirudisha kwenye video niliyokuwa nikiilalamikia.

Ya wiki ya saba nitayapitia kwa haraka, ingawa ni mazuri. Yamo matokeo ya Stella Vosniadou na William Brewer ya mwaka 1992 kuhusu watoto walioambiwa shuleni kwamba dunia ni mviringo na wakaipatanisha habari hiyo na ardhi bapa wanayoiona: baadhi wakachora tufe lenye watu wanaosimama kwenye sakafu ndani yake. Umo pia utafiti wa Recife, Brazili, uliochapishwa mwaka 1985, wa watoto watano waliouza barabarani. Kwa hesabu za biashara yao walipata asilimia 98, na kwa hesabu zilezile zilizoandikwa kama za shuleni walipata chini ya asilimia 40. Weka watoto hao kwenye jedwali la wiki ya sita uone ni rangi gani itawatosha.

Wiki ya mwisho inahusu iwapo ukuaji wa fikra unaweza kuharakishwa, swali ambalo Piaget aliliita kwa mzaha swali la Wamarekani. Kinaelezwa kisa cha Michael Shayer na Philip Adey wa King's College London, ambao kuanzia miaka ya 1980 walibuni masomo ya sayansi ya kuwachokoza wanafunzi wa miaka kumi na moja na kuendelea wakabiliane na matokeo wasiyoyatarajia na kuyajadili. Ripoti zao za mwanzo zilikuwa na matokeo ya kutia moyo sana, na jaribio kubwa lililochapishwa nchini Uingereza mwaka 2016 halikuona maendeleo ya ziada katika sayansi. Kozi inayaweka matokeo yote mawili mezani bila kulificha la pili, na kwa hilo naipongeza.

Kuhusu mambo ya kawaida: sauti ni safi, maandishi ya Kiswahili chini ya video hubaki nyuma kwa sekunde kadhaa kuanzia wiki ya nne, na video hazipakuliki, kwa hiyo mwenye intaneti ya kusuasua atapata tabu. Jaribio la mwisho lina maswali arobaini, na swali la kumi na nne linauliza mtoto wa miaka sita yuko katika hatua gani, bila kutaja alichosema wala alichofanya. Nilichagua jibu walilolitaka, nikapewa alama yangu.

Kwa mwalimu wa madarasa ya chini, na kwa mkufunzi wa chuo anayetaka mazoezi ya kuwapa wanachuo wake, nashauri mjiandikishe, mfanye wiki ya pili, ya tatu na ya tano kwa ukamilifu, na kwa kila zoezi mtafute watoto wanne badala ya wawili waliotajwa, kwa sababu ni pale watoto wa umri mmoja wanapotofautiana ndipo fomu zinapoanza kusema kitu. Wiki ya sita itazameni kwa kasi ya mara mbili. Fomu za mazoezi zipakueni mapema na mjaze nakala za karatasi, kwa maana akaunti hufungwa siku thelathini baada ya jaribio, na kila mlichokiandika ndani ya mfumo hufungwa pamoja nayo. Maneno ya yule msichana ninayo leo kwa sababu tu siku ile kompyuta ilizima nikayaandika nyuma ya daftari la mahudhurio.